Mafuta Ambayo Baba Hajawahi Kuuza

Picha niliiweka mimi mwenyewe, hilo silikwepi. Baba ameinama, ameushika mguu wa jirani yetu, nami nikaandika kwa majivuno: mzee wangu wa Mwamapalala, muunga mifupa. Watu wakasifia, nikavimba kichwa, nikarudi kwenye steshenari yangu hapa Bariadi kuchapa barua za watu.

Baba anaunga mifupa tangu sijazaliwa. Dawa hauzi. Hapokei kitu mpaka mgonjwa asimame na kutembea, ndipo waje na kuku au mbuzi, na wasipokuja hawafuati. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na ukimbishia atakufukuza.

Kumbe wapo walioiona ile picha wakaona biashara. Wakatengeneza kurasa za "mafuta ya mzee": unatuma pesa, unaletewa chupa kwenye basi. Chini wamejaza maneno yasiyo na kichwa wala miguu: mganga wa mifupa Bariadi, mganga wa mifupa Maswa, mganga wa mifupa Nyashimo, kata kwa kata, hadi kata ambazo mimi mzaliwa sijawahi kufika. Kazi ya maneno hayo ni moja tu: mtu yeyote akitafuta habari za mfupa kwenye simu, wao watokee wa kwanza. Halafu shuhuda za waliopona, eti watu ishirini tofauti, na wote wanakosea maneno yale yale. Jamani, hata aibu hawana!

Wa kwanza kutufikia alikuwa mama mmoja, fundi cherehani kutoka Nyashimo, mkono umepinda, chupa tupu kaifunga kwenye kitenge. Alikuja na hasira zake, na haki alikuwa nayo. Baba aliipokea ile chupa, akaitazama picha kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake.

"Huyu ni mimi?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Akamtibu yule mama bila kutaka hata yai. Nilipomuuliza kwa nini, akanikaripia: "Ameshalipa huyu. Amelipia jina langu."

Basi kila aliyekuja na chupa akawa anatibiwa hivyo. Mimi kila asubuhi, kabla sijawasha mashine ya kutoa kopi, naripoti zile kurasa, na kila asubuhi najibiwa: asante kwa taarifa yako. Asante ya nini? Ukurasa mmoja ukifutwa, kesho zimezaliwa tatu. Nikaandika wa kwangu, wa kweli, nikaeleza kila kitu. Ukawa unatokea huko chini kabisa, baada ya uongo wote, mahali ambapo hakuna mwenye maumivu anayefika. Na wateja wangu wananiita mtaalamu wa kompyuta! Nilijiona bure kabisa.

Kisha akaletwa mzee mmoja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Wiki tatu walikuwa wanamkanda nyumbani kwa yale mafuta, wakiamini Baba ndiye aliyeagiza. Baba alifunua kitambaa, akakifunika tena. "Hospitali. Sasa hivi." Mguu ulikatwa juu ya goti. Habari ilipotufikia, Baba alikaa siku mbili hagusi chakula. Siku ya tatu akaniita.

"Waandikie nimekufa."

"Baba! Mtu hajiitii kifo."

"Marehemu hapiki mafuta. Andika."

Tulianza kuwapa taarifa ndugu, wasije wakakusanyika kulia. Kisha nikakaa, nikaandika kwa vidole vyangu hivi, pale pale nilipoiweka ile picha, kwamba baba yangu mzazi amefariki, na kwamba yeyote anayeuza mafuta kwa jina lake ni tapeli. Nililia kama msiba ni wa kweli. Zile kurasa zikazimika. Siku nne nzima sikuona hata moja. Baba akaanza hata utani, "Mleteeni marehemu chai," nasi tukacheka, Mungu atusamehe.

Jumamosi nilikuwa Mwamapalala, akaingia mama mmoja kutoka Ipililo, amemshikilia binti yake anayechechemea. Alimwamkia Baba, "Mwangaluka," Baba akaitikia kutoka kwenye kigoda chake. Halafu yule mama akanitazama mimi, akatazama simu yake, akanitazama tena.

"Ni wewe," akasema kwa furaha, akanipa simu nione.

Chupa ile ile. Juu yake wameandika kwamba mzee ametutoka, na kwamba mikono yake ameirithi binti yake. Picha ilikuwa yangu, ile niliyopiga mbele ya steshenari, natabasamu.

Nilifungua kinywa niseme si mimi. Yule mama hakunisubiri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana mwanangu, kwa kumpoteza mzee."

Aliyejibu ni Baba.

"Tumeshapoa, mama," alisema, akavuta kigoda, akaanza kufungua kitambaa mguuni mwa yule binti.