Kivuli Nilichokikata

Nilikata miti yote ya shule kwa kuogopa nyoka. Hakuniuma, hata kunitazama hakunitazama. Niliona tu mkia ukiingia chini ya majani, na siku hiyo hiyo nikawaita wanafunzi waje na mapanga.

Mtu anielewe. Nilizaliwa Masisi, kwenye milima ya baridi, upande wa Mushaki, kwa watu wa ng'ombe, na kwetu mlima mzuri ni mlima mtupu: unasimama mlangoni, unamwona mgeni akiwa bado mbali. Nami mlango wa kwetu niliupenda mno. Nilipomaliza sekondari, misioni ikanituma kufundisha Walikale, porini, nami nikabeba koti la sufu, blanketi, na mawazo ya nyumbani.

Jirani yangu, mwindaji, baba wa msichana pekee wa darasa la sita, alitazama mti wa mwisho ukianguka.

"Mwalimu, huu muti ulikukosea nini?"

Nikacheka. Nikamwambia sasa shule itaonekana toka barabarani. Ikaonekana kweli. Na jua nalo likaiona.

Paa lilikuwa la mabati. Chini ya miti hatukuwa tumejua bati ni kitu gani. Kiangazi kilipofika mabati yakaanza kulia ta! ta! juu ya vichwa vyetu, na watoto wakalala juu ya madawati. Mimi sikuvua koti, maana nilidhani mwalimu bila koti si mwalimu, na chaki ikawa uji mkononi.

"Mwalimu iko anakauka sawa samaki ya Bweremana," mmoja akanong'ona. Walicheka. Sikumbuki kicheko kingine mwaka ule.

Siku ya imla, kalamu ya yule msichana ilianguka kwanza, halafu yeye mwenyewe. Ngozi yake ilikuwa ya moto, kavu. Tulimbeba mpaka mtoni, tukammwagia maji. Alipofumbua macho akaniuliza tumefika sentensi gani. Alikuwa amebakiza mtihani tu aende kwa masista kusomea ukunga.

Nilihangaika. Tuliweka mtungi wa maji kila pembe. Tulifunika bati kwa majani mapana ambayo watu wa huko huezekea nyumba zao, na darasa likapoa kidogo. Padri mkubwa wa misioni alipopita akauliza kwa nini shule yake imevaa kofia, majani yakashushwa. Nikaomba tuanze alfajiri. Akajibu kengele haifuati jua. Nikapanda miche, mbuzi wakaila. Nikavua koti, na hilo halikumsaidia mtu yeyote.

Msichana akaacha kuja. Nilimkuta kwao akimenya mihogo, ndani ya nyumba ya majani yenye baridi kama asubuhi ya Masisi. Nilimsihi baba yake: Papa, mtihani umekaribia, nitamkalisha mlangoni penye upepo. Msichana aliacha kumenya, akamtazama baba yake. Yeye alikuwa akishona wavu wake wa kuwindia, wala hakuinua macho.

"Mutoto yangu hatarudia kule," alisema. "Nyoka haikuua muntu mu shule yako, ni weye ulitaka kuua. Panda muti kwanza. Muti ukishakomaa, njo uje kumuita."