Albamu Isiyofika Kwenye Sebene

Watu wanaojua jazz wameandika kwamba albamu yetu ina utulivu wa makusudi. Mmoja amesema ni muziki ulio njiani, umeshatoka kwenye rumba na bado haujafika kwenye jazz, akasifu ujasiri wa wanamuziki watano kukaa katikati bila haraka. Nilimsoma kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya mkate hapa Malvern, Johannesburg. Ujasiri gani, jamani. Mpiga gitaa alikuwa amekufa ganzi, basi.

Mpiga gitaa huyo ni mimi. Nilitoka Lubumbashi nikiwa kijana, na gitaa langu na shati la kwendea kanisani. Wenzangu wanne ni wenyeji wa Johannesburg: kiongozi wetu, mama mtu mzima asiyependa maneno, anapiga saksafoni, halafu wa piano, wa besi na wa ngoma. Wao walinifundisha jazz, mimi nikawafundisha sebene. Kwa asiyeijua, sebene ni ile sehemu ya mwisho ya rumba, magitaa yanapoanza kukimbia na watu wanaacha chakula mezani. Haianzi yenyewe. Katika bendi yetu mimi ndiye ninayeiita: napiga noti tatu za juu, wa ngoma ananijibu kwa kishindo, tunaondoka. Bila zile noti tatu, wote wanabaki wakizunguka palepale.

Kila Jumapili baada ya chakula nilikuwa nafanya mazoezi sebuleni, mke wangu akiwa jikoni. Alikuwa msusi. Wiki nzima alisimama katikati ya jiji akisuka vichwa vya watu, na ikifika Jumapili miguu ilikuwa imemvimba. Lakini nikipiga zile noti tatu, alitoka. Taulo la vyombo begani, mikono bado ina povu, anacheza kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye televisheni na kurudi, uso mkavu kabisa, kama mtu aliyetumwa. Hakunitazama hata kidogo. Akimaliza anarudi kwenye masufuria yake. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo, na mimi nilidhani ni letu wawili tu.

Alifariki baridi ilipoanza, baada ya ugonjwa mfupi. Tulimzika huku huku, watu wa kanisa wakaimba mpaka sauti zikakauka, nikawashukuru mmoja mmoja kwa mkono. Sikulia. Nilikingoja kilio jinsi tunavyongoja umeme urudi: unajua utarudi, hujui lini, unaendelea na shughuli zako gizani.

Studio ilikuwa imeshapangwa. Wenzangu walitaka kuahirisha, nikakataa. Nilisema niko sawa, na kweli sikuwa na maumivu yoyote. Tuliuanza wimbo wa kwanza vizuri, tukafika pale mahali. Wa ngoma akaniangalia, vijiti juu. Noti tatu tu. Nikautazama mlango wa studio, mlango mzito uliofungwa, nikajua hakuna mtu atakayetoka. Nikarudia mzunguko. Wa ngoma akashusha vijiti, akachukua brashi za waya. Wa besi akapunguza. Wa piano akawa anagusa hapa, ananyamaza pale. Tulizunguka hivyo mpaka kiongozi akaona imetosha, akaufunga wimbo kwa saksafoni.

Tukarudia, ikawa vilevile. Wimbo wa pili, vilevile. Fundi wa sauti alifungua mdomo nyuma ya kioo, kiongozi akamwonyesha kiganja. Jioni alinijia nikifunga gitaa, akaniambia kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba watanisubiri.

"Hata albamu nzima?" nikamuuliza.

"Hata albamu nzima," akasema, akaenda kutafuta chai.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ule utulivu unaosifiwa ni watu wanne wanaomsubiri wa tano. Nilipaswa kuguswa. Niliona tu kwamba ni watu wema, jinsi unavyoona dirishani kwamba nje kuna jua. Sasa uzinduzi umepangwa, wanataka kujua kama nitapanda jukwaani, na kila wakipiga simu nawaambia nitawajibu kesho.

Watu wa kwetu hawakudanganyika. Kinyozi wangu wa Barabara ya Jules, naye mtu wa Lubumbashi, aliiweka albamu nikiwa kitini, kwa heshima yangu. Akanyoa, akasikiliza, akanyoa. Wimbo wa tatu akazima mashine.

"Vieux," akasema, kama kwetu tunavyomwita mkubwa, "sebene iko wapi?"

"Haimo."

"Haimo namna gani? Mutu anakupikia bukari, anakunyima mboga?"

Wateja wakacheka, nami nikacheka, maana alisema kweli: rumba bila sebene ni ugali mkavu. Alipofika kunipangusa shingo, alinipangusa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumapili iliyofuata binti yetu aliiweka albamu jikoni akiosha vyombo. Yuko sekondari, amezaliwa hapa. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu, na mama yake alishachoka kumgombeza. Mimi nilikuwa sebuleni, televisheni nimeizima sauti. Wimbo ukafika pale mahali. Maji ya bomba yakanyamaza. Akatoka, akasimama mlangoni, taulo la vyombo begani. Hakucheza. Tulisikiliza ule mzunguko mpaka saksafoni ikaufunga.

"Papa," akasema, kwa Kiswahili cha mama yake, "hapa mama alikuwaka anatoka."

"Ndiyo," nikasema.

"Nilikuwa namungoja."

Hapo ndipo ilipoanza kuuma. Sikuizuia. Gitaa lilikuwa nyuma ya kochi, sikuwa nimelifungua tangu studio. Nikalitoa. Nyuzi zilikuwa zimelegea, nikaanza kuzikaza moja moja, machozi yakinidondokea mkononi. Yeye hakuondoka mlangoni.