Vigae vya Mama Mkwe

Kinyozi hajinyoi. Kaka yangu, fundi wa vigae tunayemwita Pima, alizeekea kwenye sebule za watu huku yake ikiwa saruji tupu, mashimo yamefichwa kwa mkeka. Wifi yangu hakuacha kumkumbusha. "Nyumba za watu unazing'arisha," alikuwa akisema, "mimi hapa nafagia vumbi linalotoka sakafuni kwenyewe." Pima alijibu, wiki ijayo. Wiki ijayo ya Pima, nyie acheni tu.

Kisha mama yake wifi akapofuka. Wifi akafunga mzigo kwenda kumtunza mwezi mmoja, mwezi ukazaa mwaka, na mwaka ukazaa mwingine. Mama hakutaka kuhamia kwa Pima. Kwake anatembea peke yake: anaujua ufa wa karibu na kitanda, kizingiti kilicholika, mahali saruji inapogeuka udongo. Nyayo ndizo macho yake. "Mkinipeleka huko," alisema, "nitashikwa mkono mpaka chooni kama mtoto."

Kaka yangu akakonda. Siku moja nilimkuta na vikombe viwili mezani, kimoja kisafi.

"Hiki cha nani?" nikauliza, nikijua.

"Mkono umezoea," akasema.

Mwanamume anayemkumbuka mkewe kimya kimya hunichosha. Nilimwambia afanye jambo, asikae akininunia mimi.

Akanunua vigae vya kung'aa, vile vile alivyovitamani wifi. Akavipanga kwanza bila saruji, kama afanyavyo siku zote: kigae kizima kianzie mlangoni, mgeni anapotupia jicho, na vipande vya kukatwa vifichwe nyuma ya viti. Vilipendeza kweli. Nikavua viatu, nikavuka chumba taratibu.

"Laini kila mahali," nikamsifu. "Hata mtu hajui amekanyaga wapi."

Pima akanitazama. Kisha akachuchumaa, akaanza kuviondoa kimoja kimoja.

Kesho yake alirudi na vigae vingine vya kukwaruza, vinavyowekwa bafuni watu wasiteleze. Akavipanga mstari mmoja katikati ya vile laini, kutoka chumba cha kulala hadi kiti cha dirishani, na kutoka kitini hadi chooni. Penye kona akaweka kimoja chenye vijiwe. Mstari ule ulitaka vigae vizima tu, kwa hiyo vipande vyote vikasukumwa mlangoni, vyembamba kama vidole.

"Fundi mwenzako akiingia hapa atakucheka."

"Acheke. Yeye hakai hapa."

Akavigandisha, akampigia wifi simu kwamba sakafu iko tayari. Zaidi ya hapo hakueleza.

Wifi alimwachia jirani amwangalie mama, akaja. Mke wa fundi ni nusu fundi. Alisimama mlangoni, macho yakaenda moja kwa moja kwenye vile vipande.

"Pima, aibu gani hii? Na hii mikwaruzo katikati ya nyumba?"

"Vua viatu," kaka yangu akasema. "Njoo uanzie huku chumbani. Fumba macho."

Alianza na mikono mbele, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Baada ya vigae vichache mikono ikashuka. Kwenye vijiwe akasita, akakata kona, na goti likagusa kiti. Akakaa. Hakufumbua macho, machozi yakapita hivyo hivyo.

"Ngoja nikamwambie mama," akasema.

Akaondoka kesho yake. Pima akabaki kudeki sakafu isiyo na wa kuichafua. Simu ikilia anashtuka, na siyo yeye. Nilimhurumia ndugu yangu. Mama akikataa, wifi hatarudi mama angali hai, na nani ataomba mama wa mtu afe?

Siku wifi alipopiga nilikuwepo. "Nimemweleza hatua kwa hatua," akasema. "Tangu jana hasemi kitu."

Mara sauti ya mama ikasikika nyuma yake, kavu, ya mtu aliyezoea kutiiwa: "Mwambie mkwe wangu asije akatandika mkeka juu ya hivyo vigae."

Kaka yangu alienda kuuchukua ule mkeka wa zamani nyuma ya mlango, akaukunja, akanitia mikononi. Ninao kwangu hadi leo.