Tangazo la msiba lililokatwa mwisho

Jumamosi, mvua tangu alfajiri.

Leo nimetangaza kifo cha mama, naye alikuwa jikoni akipepeta mchele.

Ofisini Kasumulu nilikuwa najaribu programu ya barua pepe: kichwa cha habari kirefu mno itakifanyaje? Kwetu hakuna kirefu kama tangazo la msiba, ukoo mzima kwa majina. Nikaweka jina la mama kama marehemu, maana ukoo wake naujua wote. Mwishoni nikaandika "hili ni jaribio". Barua yenyewe tupu. Nikamtumia binamu yangu, Mbeya.

Programu ikakata mwisho, pale penye "jaribio".

Binamu akaeneza habari; jioni mashangazi wakashuka na mikeka, wanalia. Mama akatoka na ungo.

"Mwe! Nani amekufa?"

Wote wakanitazama mimi.

Nikamsomea lile tangazo.

Saa nne usiku, nalala. Mama amekataa kulala: "Nikifumba macho, mtasema kweli nimekufa."