Msasa Mfukoni mwa Mzee Kusakabe

Takae Isomura alikuwa dobi, na udobi ulimtia kinyaa. Si nguo, nguo alizipenda. Kilichomchefua ni mifuko. Katika mji ule wa Kamisawa, chini ya mlima Sarukake, kila aliyeleta suruali dukani kwake alimletea na uchafu wake wa siri: karatasi za makamasi, vijiti vya meno vilivyokwisha tumika, ubani wa kutafuna ulioganda kwenye kitambaa, na siku moja meno ya bandia ya karani wa posta. Desturi ya madobi wa kwao ni kwamba hakitupwi kitu. Kinachokutwa mfukoni kinatiwa kwenye kijifuko cha plastiki, kinaandikwa jina, kinarudishwa pamoja na nguo, na dobi anainama kushukuru kana kwamba hakuona chochote. Takae aliinama hivyo tangu mumewe yu hai, na mume alikwisha kufa zamani.

Starehe yake ilikuwa moja tu, kigari chekundu cha mbio, cha viti viwili. Majirani walimwambia mjane wa umri wake angefuga mbwa. Aliwajibu kuwa mbwa hana gia.

Mwaka ule mwezi wa sita ulimkuta matairi yake ya kiangazi, yale ya miezi isiyo na theluji, yamekuwa vipara. Kununua mapya ilikuwa lazima, na safari hii haikuwa starehe. Binti yake Mizuho, aliyeolewa upande wa pili wa mlima, alikuwa na mimba pevu, mumewe yuko baharini kikazi, na treni ya kuuzunguka mlima ni safari ya kutwa.

"Mama, uchungu ukianza nakupigia wewe kwanza," Mizuho alimwambia. "Usije ukaniambia barabara inateleza."

Na mvua za mwezi wa sita hazina mchezo pale. Akikosea tairi, ama binti atajifungua peke yake, ama mama atazama korongoni na kigari chake.

Sasa, Kamisawa ukitaka kuchagua tairi huendi kwa fundi, unakwenda kwa Mzee Kusakabe. Kila Jumapili asubuhi wenye magari ya mbio hukutana kwenye maegesho ya kileleni, hununua kahawa ya kopo kwenye mashine, na kabla hawajasalimiana vizuri wanachuchumaa kukagua matairi ya wenzao. Katikati hawana haja napo. Wanatazama kingo. Kingo zikiwa zimelika na kukwaruzika, mwenyewe ni dume, anakata kona bila huruma. Kingo zikiwa safi, mwenyewe wanamuuliza kama gari ni la kubebea mboga.

"Shangazi, wewe mlima unaupanda au unausindikiza?" walimwuliza Takae siku aliyojiunga nao, na kwa aibu hakulala.

Kingo zilizolika kuliko zote zilikuwa za Kusakabe, mstaafu wa idara ya maji, mwenye gari jeupe.

"Dada Takae, funga kama yangu," alimwambia, akilipigapiga tairi kwa kiganja. Lilikuwa pana, mpira wake laini, uso karibu mtupu, na mifereji michache ya kuzugia. "Likipata joto linanata kama ulimbo."

"Na mvua, Mzee? Nina binti mjamzito ng'ambo ya mlima."

"Mvua!" Aliwageukia wenzake, wakacheka naye. "Mimi nashuka nalo mvua ikimwagika, na breki sigusi. Huzioni hizo kingo?"

Takae aliziona, akaamini. Alimpigia simu Nozue, fundi wa matairi, amwekee seti kama ile.

Wiki hiyo hiyo Kusakabe alileta suruali kufuliwa. Magotini ilikuwa nyeusi tititi. Takae alidhani ni grisi, lakini alipoikung'uta ukatoka unga mkavu wenye harufu ya mpira. Huyu mzee hupiga magoti wapi? Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha msasa kilichokunjwa, kimezibwa chote kwa mpira mweusi.

Alikaa kitako juu ya kapu la nguo. Makamasi ya mji mzima alikwisha kuyashika bila kukunja uso, lakini kwa kile kipande alikwenda kunawa, akarudi, akaenda kunawa tena. Mtu mzima na mvi zake anajifungia gerejini, anapiga magoti, anayasugua matairi yake kwa msasa ili Jumapili asifiwe! Na kwa msasa ule yeye, mama mzima, nusura amwage roho ya mwanawe na ya mjukuu.

Jumamosi Kusakabe alikuja kuichukua suruali yake. Takae aliiweka juu ya kaunta, na juu yake kijifuko chenye jina. Safari hii hakuinama.

"Hicho si changu," alisema Kusakabe.

"Kimetoka mfukoni mwako."

"Labda umechanganya suruali za watu."

"Sijawahi kuchanganya hata soksi. Mzee, nijibu kama unavyomjibu daktari. Umewahi kushuka na yale matairi kwenye mvua?"

Kusakabe alitazama mlangoni. "Mvua ikinyesha gari nalifunika," alisema kwa sauti ndogo. "Napanda treni."

"Treni!"

"Polepole, dada, mtu atasikia."

"Nilikwambia nina binti mjamzito. Ukanitazama usoni, ukacheka!"

"Ningesemaje mbele za wale? Kule wananiita bingwa. Nyumbani kwangu hata paka haniitikii."

"Kesho uwaambie mwenyewe. Usipowaambia, nitawaambia mimi."

"Kitupe tu, dada yangu. Nani atajua?"

"Dobi hatupi kitu. Toka, unanichafulia duka."

Aliitwaa suruali akatoka mbio. Kijifuko alikiacha pale pale.

Takae akamwendea Nozue. "Ile seti irudishe. Nifungie tairi la kiangazi linaloshika kwenye mvua."

"Lipo. Ila lina mifereji kama shamba la mpunga. Kileleni watakucheka, mama."

"Kumbe lipo! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Nyote mnakuja hapa na jina la Mzee Kusakabe mdomoni."

Takae akamsukumia ufunguo wa gari, afunge yote manne siku hiyo hiyo.

Jumapili kulikucha na mvua ya kumwagwa. Alikuwa anavaa viatu, kijifuko kiko tayari ndani ya mkoba, simu ilipolia.

"Mama, ni leo."

"Nipo njiani. Mwite mkunga, uvute pumzi."

Barabara ya mlima ilikuwa imegeuka mto. Maji mekundu ya udongo yalikatiza kwenye kona, majani mabichi yametanda kila mahali, na mara mbili moyo ulimruka. Matairi hayakuruka. Yaliyapasua maji, yakaishika lami, yakampandisha. Njiani alipanga maneno ya kumtupia Kusakabe mbele ya wenzake, makali, wala hayangemchelewesha.

Alipofika kileleni maegesho yalikuwa matupu. Hapakuwa na gari jeupe, wala gari lolote. Madume yote yenye kingo zilizolika yalikuwa nyumbani yamejifunika mablanketi. Takae akasonya. Kisha akakumbuka kwamba hata yeye, Jumapili zote za mvua, alichungulia dirishani akarudi kulala, na msonyo ukamgeukia mwenyewe.

Alishuka mbio, akakitundika kijifuko kwenye mashine ya kahawa, jina likitazama nje. Akarudi garini mvua ikimtiririka shingoni, akaanza kuteremka upande wa pili kwa Mizuho, na breki akazigusa kila kona.