Nywele Alizotia Dawa Juliet

Tangu mwezi wa pili Atoo hakumruhusu mtu kugusa kichwa chake. Ilikuwa mwezi wa tisa alipoingia saluni ya Safinah, pale Kisugu, Kampala, akaketi, akafungua kitambaa polepole. Vipande vya nywele vilitoka nacho, vifupi, vimenyooka, vimenasa kwenye nguo.

"Banange, Mama Juliet!" Lailah, muuza mitumba, alisema huku rola zimemjaa kichwani. "Kichwa kimoja, nchi mbili! Kwenye ngozi Gulu kwenu, kwenye ncha Ulaya!"

Atoo alicheka kidogo, kwa adabu. Alikuwa mjane wa polisi, na maisha ya kambini yalimfundisha kucheka utani hata usipompendeza. Kambini huko huko alikaanga mandazi mlangoni akasomesha watoto wanne, kichwa chake kikiwa kimefungwa kitambaa mwaka hadi mwaka. Mambo ya kujiremba hakuyajua, mpaka Juliet, kitinda mimba wake, alipojifunza ususi.

Juliet ndiye aliyemtia dawa ya kunyoosha nywele mara ya kwanza. "Usijikune, Mama. Leo wala kesho. Ukijikuna dawa itakuunguza, watu waseme Juliet amemchoma mamake." Basi ikawa kila baada ya wiki nane, Jumapili, mama anakaa chini kwenye mkeka, binti juu ya kiti, magoti yake yamemshika mama mabega. Anampaka vaselini masikioni na pembeni mwa uso. Dawa anaigusisha kwenye nywele zilizoota tu, hazidishi. Kisha anasuuza kwa maji ya jerikeni, anatia shampoo ya kuzima dawa, anasuuza tena, mpaka povu liache kuwa la pinki, ajue dawa imekwisha. Wanaongea weee, mambo ya bei za mkaa na wanaume wasiooa.

Jumapili moja ya mwezi wa pili walifanya hivyo. Jumatano homa ikamshika Juliet. Jumapili iliyofuata Atoo na ndugu walikuwa kaskazini, wanafukia kaburi lake.

Huko nyumbani wifi yake, Lanyero, alikuja na wembe mpya. Katika ukoo wao mama akizika mtoto hunyolewa, na wanawake wa nyumba hunyolewa pamoja naye. Atoo alishika kichwa kwa mikono miwili, akakataa.

"Mama gani huyu?" Lanyero alipaza sauti mbele ya watu. "Mtoto yuko chini, yeye anaringia nywele!"

Atoo alifunga tena kitambaa chake. Alirudi Kampala na nywele zake, peke yake, na tangu siku hiyo simu ya kutoka kwa wakwe haikulia.

Sasa Safinah, aliyefanya kazi na Juliet miaka minne katika saluni hii hii, alikuwa ameshika unywele mmoja kati ya vidole.

"Mama, gusa hapa. Mpya ina nguvu, ya dawa imechoka. Zinapoungana ndipo zinapokatika. Ama nitie dawa tena zilingane, ama nikate za chini."

"Usikate. Na dawa usitie. Zizuie tu zisikatike."

"Haiwezekani, Mama. Kwani Juliet angekuacha hivi?"

Atoo alitazama mikono yake mapajani. "Hizi za chini ndizo alizozishika yeye. Ukitia dawa nyingine, sitajua tena mkono wake uliishia wapi."

Lailah, aliyekuwa na utani mwingine mdomoni, aliinama akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake.

Safinah alijaribu. Alipaka mafuta, akafunga taulo la moto, akangoja. Alichukua chanuo la meno mapana, akaanzia nchani, vidole viwili vimebana pale kwenye kiungo ili mvuto usifike. Kila chanuo lilipotoka, lilitoka na nywele. Upande wa kushoto fungu zima likabaki mkononi mwake bila hata kuvutwa. Akasimama nalo.

"Mama, nisamehe. Sikuvuta."

"Najua hukuvuta, mwanangu."

Safinah ndiye aliyelia kwanza. Atoo alitandika kitambaa chake mapajani, akakinyoosha vizuri pembe zote.

"Kata," alisema.

Mkasi ulizunguka kichwa. Nywele zilianguka kitambaani, nyepesi, hazina hata kishindo, na Atoo aliokota zile zilizokwenda sakafuni, moja moja. Mkasi ulipofika kisogoni, mkono wake uliruka nyuma ukafunika shungi moja lililobaki.

"Hapa acha."

"Mama, na hilo litakatika. Wiki mbili, tatu."

"Najua. Acha likatike lenyewe."

Safinah aliweka mkasi mezani. Alichota mafuta kwa kidole, akalipaka lile shungi mpaka nchani, taratibu, akiogopa lisije likakatikia mikononi mwake.