Mjukuu Wangu Alisema "Mimi" kwa Mara ya Kwanza, Nikampiga Mwiko

Admin, jina langu liache. Kijiji chetu ni kidogo, na wapo wanaosoma ukurasa huu huku wakijifanya wanatafuta bei ya viazi. Nina miaka sitini na nane, mjane, nalima viazi na njegere huku Mufindi, mkoa wa Iringa. Shule niliishia darasa la nne. Naandika mwenyewe, leo siku ya tatu, kwa miwani ya marehemu mume wangu. Anayetaka kucheka herufi zangu acheke sasa amalize, kisha asome.

Nalea mjukuu, tumwite Atu, yuko darasa la pili. Mama yake ni binti yangu wa mwisho. Aliniachia mtoto akiwa na miaka miwili, akarudi Mbeya kwa mwanamume ambaye hakutaka mtoto asiye wake. Nikampokea. Nimemlisha, nimemvika, sweta lake nimelifuma kwa mikono hii. Lakini hasira niliyokuwa nayo kwa mama yake sikuwa na wa kumpa, maana simu hapokei, nikawa naimwagia mtoto. Siyo kwa fimbo, kwa mdomo. Wageni wakija namsema naye amekaa palepale anamenya viazi: "Yeye huyu katupwa. Yeye kula anajua, kazi hajui. Yeye ni mama yake mtupu." Hata chakula kikiiva nasema, "Na huyu naye ale." Kumwangalia usoni nikamwambia jambo, sikumbuki.

Basi mtoto akakua anajiita "yeye." Akiwa na kiu: "Yeye anataka maji." Akiugua: "Yeye anaumwa tumbo." Jirani alikuwa anamtania, "Atu, huyo yeye yuko wapi? Mbona simwoni?" Watu wanacheka. Na mimi nacheka.

Mwaka huu akaja mwalimu mpya, binti mdogo tu, kwao Mbarali kwenye mpunga. Vipindi vikiisha anambakiza Atu na wenzake wachache, anawakalisha duara. Kiganja kifuani, "mimi." Kiganja kwa mwenzako, "wewe." Aliye mbele yako, anawaambia, usimwite yeye kama vile hayupo. Nikamsikia Atu nyuma ya jiko anawafundisha kuku: "Mimi Atu. Wewe kuku." Nikasema shule za siku hizi zimekosa kazi.

Jumamosi moja walikuja akina mama wenzangu wa kanisani, kikundi ambacho mimi ndiye kiongozi wao. Chai inatengwa, nikasema kama kawaida yangu, "Maziwa machache leo, yeye huyu kamwaga. Mikono ya mama yake."

Atu akasimama. Akaweka kiganja kifuani. "Mimi sikumwaga." Kisha akaninyooshea kiganja kilekile. "Umemwaga wewe, bibi."

Jamani, kwetu mkubwa huambiwa "ninyi" hata akiwa peke yake. Leo naambiwa "wewe" na kiganja juu, mbele ya watu ninaowaongoza! Nikamchapa mwiko mdomoni. Na mjue jambo hili ambalo wale akina mama hawalijui mpaka leo: maziwa nilimwaga mimi. Sufuria iliniteleza asubuhi.

Haikunitosha. Jumatatu nikaenda shule, nikaingia darasani bila hodi.

"Wewe ndiye unayewafundisha watoto kutukana wazee? Kwenu hakuna wakubwa?"

"Shikamoo bibi. Naomba tuongee ofisini."

"Ofisini kuna nini? Umefundishia hapa, jibu hapa!"

Yule binti akanitazama, akawatazama watoto, akapiga magoti kwenye vumbi la chaki. "Nisameheni, bibi." Watoto wakacheka. Atu hakucheka. Nikatoka shingo juu kama niliyeshinda kesi.

Toka siku ile duara limekufa. Na Atu amerudi kwenye "yeye", siku nyingine hata hiyo hasemi. Akiwa na kiu anasimama tu karibu na ndoo mpaka nimwone.

Wiki iliyopita nikabeba ndoo ya viazi mpaka kwa mwalimu. Nikamwambia, "Mwalimu, siku ile tulikosana."

"Tulikosana akina nani, bibi?"

"Si tulikosea wote. Binadamu ndivyo tulivyo."

Akatabasamu kidogo, bila dharau. "Mimi niliwasamehe nikiwa bado nimepiga magoti, na viazi nitakula. Lakini Atu ameona anayesema 'mimi' anapigwa, na aliyemfundisha anapigishwa magoti. Hilo siwezi kulifuta mimi. Mtalifuta ninyi."

"Kwa kufanya nini?"

"Maziwa alimwaga nani, bibi?"

Kumbe mtoto alimwambia. Mwalimu akasema, "Basi mwambieni Atu hivyo, mbele ya walewale waliokuwepo."

Nilimdokeza shoga yangu mmoja, bila kutaja maziwa. Akaruka: "Uombe radhi kwa mtoto? Atakupanda kichwani! Mkubwa hakosei kwa mtoto, anateleza tu." Maneno matamu hayo, nimeyalamba siku mbili.

Leo asubuhi nimemuuliza Atu, kwa upole niliokuwa nao, "Nani anataka uji?" Kiganja kikapanda mpaka kifuani. Mdomo ukafunguka. Kisha akaona mwiko mkononi mwangu, akakishusha.

Jumamosi hii akina mama wanakuja tena kwangu, na Atu atakuwepo. Msiniandikie pole, wala msiniambie niombe, naomba kila siku. Ninyi mliowahi kuinama mbele ya mtoto wenu watu wakiwaona, niambieni tu mlianza na neno gani. Maana mimi kila nikijaribu peke yangu jikoni, linalotoka ni "tulikosea."